Sura ya Saba: Kila Kitu Chake ni Halisi

Fundi meno hakuinua kichwa. Alikuwa ameliinamia jino moja la mbele, analipaka doa la rangi ya chai kwa brashi nyembamba, taratibu, kama anayeharibu kazi kwa makusudi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kaa hapo. Rafu hiyo usiiguse."

Mpelelezi akakaa. Kituoni walimwita Bi Tena, kwa kuwa hakuna shahidi aliyewahi kumweleza jambo likaisha bila kuambiwa "hebu tena." Jina lilianza kama utani wa makarani, likamganda mpaka mkubwa wa kituo naye akawa analitumia. Asubuhi hiyo lilikuwa linamwasha, maana kwapani alikuwa na jalada lenye swali ambalo yeye mwenyewe aliliuliza mara moja tu, na vibaya.

Rafu aliyokatazwa kuigusa ilijaa taya za plasta. Zilipangwa safu tano kutoka sakafuni hadi darini, nyeupe, zote zimeachama kidogo, na kila moja imeandikwa kwa penseli jina la mwenyewe: Mwalimu Mrefu, Mama Pacha, Kinyozi wa Kona, Karani wa Ardhi. Wengine walikuwa wamekwishakufa. Dirisha lilikuwa dogo na lori likipita barabarani taya zote zilitikisika, zikagonganagongana kidogo, kisha zikatulia.

"Doa la nini hilo unalipaka?" Bi Tena akauliza.

"Mteja amevuta sigara miaka thelathini. Nikimpa meno meupe pe, mtaa mzima utamcheka. Jino la kweli lina kasoro, afande. Anayetengeneza jino lisilo na kasoro anatengeneza kifungo cha shati."

"Kwa hiyo unatengeneza feki inayofanana na kweli."

Fundi meno akaweka brashi chini. Alikuwa mzee mfupi, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kipara.

"Tusivunjiane heshima asubuhi asubuhi. Bandia si feki. Bandia, mwenyewe anajua halikuota kinywani mwake, na mimi najua, na mkewe anajua. Feki ni pale mmoja anajua na mwenzake hajui. Mimi natengeneza bandia halisi. Haya, umekuja na nini?"

Bi Tena akafungua bahasha, akatoa mfuko wa plastiki, na safari hii akaufungua. Juu ya meza akaweka meno manne ya mbele, ya juu, yaliyoshikamana na kibati cha plastiki cha rangi ya waridi chenye vikulabu viwili vya waya pembeni.

Meno hayo yalikuwa yametolewa kinywani mwa maiti. Siku kumi na moja zilizopita mwili ulielea kwenye shimo la machimbo ya zamani lililojaa maji ya mvua. Ulikuwa umekaa humo si chini ya siku kumi. Uso haukuwa uso tena, ngozi ya vidole ilikuwa imebambuka, na vipimo vya damu vilivyopelekwa maabara kuu vingejibiwa mwezi ujao, Mungu akipenda. Lakini mwili ulivaa suti nyeusi ya mshono ambao mji mzima unaujua, yenye lebo ya mshonaji suti aliyepotea wiki tatu nyuma, na kinywani ulikuwa na meno ya mshonaji huyo huyo. Mkewe aliitambua suti. Fundi meno aliyatambua meno. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa kwa kitu kizito. Na kwa kuwa mtu wa mwisho kuonekana akigombana na mshonaji alikuwa shemeji yake, dereva wa lori, basi dereva huyo alikuwa ndani, siku ya kumi na moja sasa, anapiga mlango wa selo kwa ngumi na kuapa kwamba alimwacha mwenzake mzima. Saa tisa alasiri jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na baada ya hapo mtu huyo angesomewa shitaka la kuua.

"Haya nilishayaona," fundi meno alisema. "Nikaweka na sahihi."

"Uliyaona ndani ya mfuko. Mimi ndiye niliyekuletea. Nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza kama ni kazi yangu."

"Ukajibu?"

"Nikajibu ni kazi yangu, asilia, si ya kuigwa. Na leo najibu hivyo hivyo. Hujanishika uongo."

"Sijakuja kukushika uongo. Daktari ameandika kwenye ripoti yake kwamba meno yalitolewa kwa taabu, hadi akatumia koleo. Mtu aliyevaa meno miaka sita, anayatoa kila siku anayasugua, iweje yatoke kwa koleo? Nikawaza labda haya ni nakala. Mtu ameyaiga, hayakukaa sawa."

Fundi meno alicheka bila furaha. Akashusha miwani ya kiparani juu ya ile ya machoni, akayageuza meno kwenye mwanga.

"Nakala? Ona hapa chini, mkwaruzo. Kila ninalotengeneza nalikwaruza hapa kwa ukucha wa chuma, na hakuna anayejua ila mimi, na sasa wewe. Ona na hapa, kiraka. Na hapa, kiraka kingine. Yalivunjika mara mbili, mara zote kwa upumbavu ule ule. Mshonaji alikuwa anakata nyuzi kwa meno! Nikamkanya, ana mkasi wa nini? Akasema mkono umezoea. Nikamwambia si mkono, ni mdomo. Hapana, afande. Haya ni yenyewe."

"Una uhakika."

"Ngoja uone."

Akavuta kiti, akapanda, akapapasa safu ya tatu na kushuka na taya moja. Kwa penseli ilikuwa imeandikwa Fundi Suti. Ilikuwa taya ya mtu mwenye pengo pana mbele. Fundi meno alilipuliza vumbi, akayachukua yale meno kwa vidole viwili na kuyasogeza pengoni kwa wepesi wa mtu anayefunga mlango wa chumbani kwake.

Hayakuingia.

Akayatoa, akayatazama, akayarudisha. Yakasimama upande. Akayasukuma kwa kidole gumba na plasta ikatoa mlio mwembamba.

"Aa," alisema. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Aa, jamani."

"Nini?"

"Vikulabu. Hiki kinashika gego hili, na hiki kinashika hili. Nilivipinda mimi mwenyewe, kwa taya hii. Vimefunguliwa, vikapindwa upya. Ona alama za koleo kwenye waya. Si kwa kuanguka hivi. Mtu amekaa, ametulia, amevipima."

"Mtu apinde vikulabu vya meno kwa nini?"

Fundi meno alitazama rafu, safu kwa safu, kama anayetafuta nani kati ya watu wake hayupo.

"Ili vishike kwenye mdomo mwingine," akasema.

Bi Tena alisimama. "Chukua taya hiyo. Tunakwenda mochwari."

"Mimi nashughulika na walio hai, afande."

"Leo utanisaidia na mmoja ambaye hatumjui."

*

Mhudumu wa mochwari alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye sauti ya kuongea na wagonjwa. Alivuta droo ya nne bila kuangalia namba.

"Huyu bwana tumezoeana," alisema. "Kila asubuhi nikiingia namsalimia kwa jina lake. Ndugu wanamchukua lini?"

Fundi meno alikuwa amejifunga leso puani, na ile taya ya plasta ameikumbatia kifuani. Alisimama mbali kwa muda. Kisha ufundi ukaushinda woga. Akasogea, akaomba tochi, akainama.

Friji zilinguruma, zikanyamaza zote kwa pamoja, na katika kimya hicho ilisikika tone moja likidondoka mahali wasipopaona.

"Afande, njoo karibu. Usiogope, hang'ati."

Bi Tena akasogea.

"Mshonaji alianguka na pikipiki miaka sita iliyopita, akapoteza meno manne. Jino likishatoka, mfupa hujifunga. Mwaka ukipita panakuwa laini, huoni hata palipokuwa na shimo. Tazama plasta. Umeona palivyo laini? Sasa tazama hapa."

Bi Tena alitazama. Kwenye taya ya maiti palikuwa na mashimo manne, yamejipanga, makali ukingoni.

"Haya hayakung'oka miaka sita iliyopita," fundi meno alisema. "Haya yameng'olewa, kisha mtu huyu hakuishi hata siku mbili yakaanza kupona. Wametengeneza nafasi. Wamemng'oa yake, yaliyo mazima, ili yaingie yangu."

"Akiwa hai?"

"Tuombe alikuwa hasikii kitu."

"Mtu atasema mfupa uliharibiwa na maji. Nipe kitu ambacho wakili hawezi kukitafuna."

Fundi meno akainua plasta, akaielekeza kwenye mwanga wa tochi. "Kushoto, nyuma. Gego la pili. Mshonaji hana. Nilimng'oa mimi kabla ya kuchukua kipimo, pengo lake hili hapa." Kisha akaelekeza tochi kwenye droo. "Huyu analo. Zima, halina hata tundu. Gego la mtu mzima likitoka halioti tena, afande, hata wakili anajua hilo."

Siku kumi na moja kituo kizima kilikuwa kimehangaika kuthibitisha vitu. Suti ni halisi? Halisi. Lebo je? Halisi. Meno? Halisi, na sahihi ya fundi ipo. Kila alichokuwa nacho mtu huyu kilikuwa cha kweli tupu, na hakuna aliyekumbuka kumwuliza yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo huyu si yule?" mhudumu aliuliza.

"Siye."

Mhudumu alibaki ameshika mpini wa droo. Kisha akainama kidogo kuelekea kwa maiti. "Samahani, bwana," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuwa nikikuita kwa jina la mwenzio."

Kabla ya kuondoka Bi Tena aliomba suti. Ilikuwa imekaushwa na kukunjwa ndani ya boksi. Akaitandika juu ya meza ya chuma, akaipima kwa tepu ya kushonea aliyoiazima kwa nesi mmoja: kiuno inchi thelathini na tatu, mabega kumi na nane, mguu arobaini na moja. Akaandika kwenye kiganja, akapiga simu kwa mke wa mshonaji.

"Pole na msiba, dada. Tukutane dukani kwa marehemu. Uje na ufunguo, na suruali yake moja ya kuvaa kila siku."

*

Duka la suti lilikuwa mtaa wa nyuma ya posta, chumba kimoja chenye mlango wa chuma. Utepe wa polisi ulikuwa bado umefungwa vizuri. Mke wa mshonaji, mwanamke mrembo aliyekuwa hajalala siku nyingi, alifungua kufuli.

"Ndani sijaingia tangu mlipofunga," alisema. "Nikiwaza kuingia, nasikia kama atainua kichwa aniulize nimeleta chakula."

Ndani kulikuwa na harufu ya pasi na sufu. Cherehani mbili, meza ya kukatia, vipande vya karatasi vya kukatia suti vilivyotundikwa, na kona ya ndani sanamu la kuvalishia nguo, halina kichwa, limevaa koti la kijivu ambalo halijamalizwa kushonwa. Mwanga wa mlangoni ulilifikia kifuani tu.

Bi Tena aliipima suruali aliyoletewa. Kiuno inchi thelathini na nane.

"Mume wako alikonda siku za mwisho?"

"Akonde? Nilikuwa namtania ana mimba." Akatabasamu, tabasamu likafa. "Kwa nini?"

"Suti aliyokutwa nayo maiti ni kiuno thelathini na tatu."

"Lakini ile ni suti yake. Naijua. Niliipiga pasi mimi mwenyewe, siku mbili kabla hajapotea." Alikuwa anajisikiliza. "Nilimwambia, baba, hii mbona ndogo, umejipima vibaya? Akasema si yangu, ni ya mteja. Afande, nyinyi mlinionyesha mkono wa koti na lebo. Mkaniuliza kama ni mshono wake."

"Tulikuuliza hivyo, ndiyo. Kosa ni letu. Daftari lake la vipimo liko wapi?"

Lilikuwa kwenye droo ya cherehani kubwa, limefunikwa kwa kitambaa cha mafuta. Mshonaji hakuandika majina ya watu. Aliandika kazi zao au udugu wao, kila mmoja na mstari wake: Hakimu, Mpiga Picha, Bwana Harusi wa Juu. Bi Tena akafunua hadi ukurasa wa mwisho. Mstari wa mwisho kabisa ulisema Mlinzi wa Machimbo. Kiuno 33, mabega 18, mguu 41. Mstari wa juu yake ulisema Shemeji. Kiuno 33, mabega 18½, mguu 41. Huo wa Shemeji ulikuwa umekatwa kwa kalamu, mkato mmoja ulionyooka kwa rula.

Alipiga simu kwa mwenye machimbo.

"Una mlinzi pale kwenye shimo la zamani?"

"Nilikuwa naye. Katoroka, wiki ya tatu hii. Mtu mzima ovyo, hata redio yake kaiacha."

"Alikuwa na familia?"

"Hakuwa na mtu. Kwa nini?"

"Usiiguse hiyo redio. Tunakuja."

Akakata simu, akageuka. Mke wa mshonaji alikuwa amesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini alikuwa mtu mwenye akili.

"Aliyeko mochwari si mume wangu," alisema.

"Si mumeo."

"Yu hai."

"Nadhani yu hai."

Uso wake ulijaa furaha, furaha ya kweli kabisa, kama ya mtoto aliyeambiwa shule imefungwa, na Bi Tena hakuwa na moyo wa kuutazama, kwa sababu alijua akili ilikuwa njiani inakuja. Ilifika. Mwanamke akashika meza.

"Alimpima," alisema. "Alimsimamisha hapa, akampima. Yule mzee atakuwa alifurahi. Suti ya mshono, mlinzi! Atakuwa aliivaa akajitazama kwenye kioo hiki."

"Mumeo alikuwa na kesi ya kumgonga mtoto kwa gari na kumuua."

"Hukumu ilikuwa Ijumaa iliyopita. Wakili alisema hapati chini ya miaka saba." Machozi yalikuwa yanashuka na yeye hayafuti. "Hakimu ameifunga. Marehemu hahukumiwi. Na kaka yangu? Alijua mtamkamata kaka yangu?"

Bi Tena alikuwa ametoa picha kwenye jalada, zile zilizopigwa na mpiga picha wa polisi siku duka lilipofungwa, na alikuwa anazilinganisha na chumba moja moja. Meza, sawa. Cherehani, sawa. Kioo, sawa. Akafika kwenye sanamu.

Akaishusha picha, akatembea hadi kona ya ndani. Akawasha tochi ya simu. Akatazama koti, akatazama picha, akatazama koti.

"Dada, njoo. Sogea usiguse. Kwenye picha hii koti lina mikono mingapi?"

"Mmoja. Wa kushoto."

"Na hapa?"

Mkono wa kulia wa koti ulikuwa unaning'inia mahali pake, umeshonwa, umepigwa pasi. Barabarani mtu alipita akipiga mluzi, wakamsikiliza hadi alipopotea.

"Utepe ulikuwa mzima," Bi Tena alisema. "Kuna mlango mwingine?"

"Wa uani. Tuna funguo mbili. Mmoja huu hapa. Mwingine alikuwa nao mfukoni."

"Nani mwingine anajua kushona hapa?"

"Hakuna. Lakini si yeye, afande, hawezi kuwa yeye, tazama nyuzi zilivyoning'inia! Yeye haachi nyuzi. Anazikata kwa meno, palepale, chwa, hadi nilikuwa namgombeza."

Bi Tena aliusogeza mwanga. Mkono wa kushoto ulikuwa safi, nyuzi zimeng'atwa karibu kabisa na kitambaa. Wa kulia ulikuwa na mishono ile ile, midogo, iliyolala upande mmoja, ya mkono ule ule uliofanya kazi hiyo miaka ishirini. Lakini kila mshono ulipoishia palibaki uzi mrefu, umekatika vibaya, umevutwa kwa vidole. Mkasi wa duka ulikuwa kituoni, kwenye bahasha ya vielelezo.

"Ni yeye," alisema. "Ila hana tena meno ya mbele."

Mwanamke akaketi sakafuni pale pale. Bi Tena alichukua tepu shingoni mwa sanamu na kulipima koti. Mabega kumi na nane na nusu.

*

Saa nane na dakika arobaini mkubwa wa kituo alimaliza kusikiliza, akafuta jasho shingoni.

"Tena."

"Mkubwa?"

"Eleza tena. Polepole."

Akaeleza tena. Mkubwa akachukua jalada lililokuwa tayari limefungwa kwa kamba, akaifungua kamba, akaandika amri ya kumwachia dereva na nyingine ya kumtafuta mshonaji, na askari wanne wakaondoka kwenda machimboni na wengine wawili dukani. Hakusema samahani, lakini kalamu alimpa Bi Tena yeye mwenyewe ili azisaini.

Dereva wa lori alikuwa amesikia habari kabla haijamfikia rasmi, kama ilivyo selo zote. Mlango ulipofunguliwa alikuwa amesimama, mrefu, macho mekundu, anacheka.

"Nilisema! Sikusema? Nilimwacha mzima!"

"Ulisema. Tutakuomba radhi baadaye. Kwanza nijibu moja. Siku ile mlikuwa mnagombana nini? Mara zote umesema mambo ya kifamilia."

Dereva akaketi kwenye benchi la saruji, akaanza kuvaa viatu alivyorudishiwa.

"Sasa hainidhuru tena. Siku alipomgonga yule mtoto nilikuwa naye garini. Nikateremka nikakimbia, sitaki kuficha, niliogopa. Dada hajui. Mumewe akataka niende mahakamani niseme mtoto ndiye aliyejirusha. Nikamwambia sitoi ushahidi wa uongo juu ya maiti ya mtoto. Akatulia. Wiki moja baadaye akaniita, mpole kweli, akasema shemeji tuyasahau, nakushonea suti ya zawadi."

"Akakupima."

"Akanipima, akaanza na koti. Mimi nikajua ni hongo tu. Nikarudi siku ile, wiki moja kabla hajapotea, nikamwambia suti yako baki nayo. Ndipo majirani wakatusikia." Alikuwa anafunga kamba za kiatu cha kwanza. "Mtu wa ajabu. Siku ya kunipima aliniuliza kama meno yangu ya mbele ni mazima yote. Aliniuliza na safari yangu ya mpakani ni ya miezi mingapi, na nani atanitafuta nikichelewa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia meno yangu mazima. Nikamwambia miezi mitatu, na hakuna atakayenitafuta, nimezoea kupo..."

Hakumaliza. Vidole vyake vilibaki vimeshika kamba ya kiatu.

"Afande. Aliyekufa ni nani?"

"Mlinzi wa machimbo. Mrefu kama wewe. Hakuwa na mtu wa kumtafuta."

"Suti ile ilikuwa..."

"Wewe ulikataa. Akamtafuta mwingine. Lakini kuna jambo lazima ulijue, maana ukitoka hapa hutakuwa salama tusipokulinda. Lile koti lako alikuwa ameliacha na mkono mmoja. Ndani ya siku hizi kumi na moja amerudi dukani usiku, akashona wa pili. Vipimo ni vyako. Na shahidi pekee wa ile ajali ni wewe."

Mahabusu wa selo za jirani, waliokuwa wanapiga kelele tangu asubuhi, walikuwa wamenyamaza, wanasikiliza.

"Mnajua alipo?" dereva aliuliza.

"Bado."

"Kaka!" Ilikuwa sauti ya dada yake kutoka mwisho wa korido. Alikuja mbio, kanga imemwanguka begani, akasimama mlangoni mwa selo akimtazama. "Kaka yangu, nisamehe. Toka twende nyumbani. Twende."

"Nyumbani?" Dereva alimtazama. "Dada, ufunguo wa nyumbani anao?"

Mwanamke akafungua mdomo kumjibu. Kisha akageuka akatazama alikotoka, korido yote hadi kwenye mlango wa mbele uliokuwa wazi, na jua la alasiri nje, na watu wanapita.

Dereva alivua kiatu alichokwishakivaa. Akavipanga vyote viwili chini ya benchi, akasogea hadi ukutani, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Dada yake akavua vyake mlangoni, akaingia, akaketi pale.

"Funga, afande," alisema dereva.